Koti Kwenye Msumari

Seline alipofika nyumbani Jumatano jioni alimkuta shemeji yake Oluoch yuko juu ya paa la nyumba yake, nyundo mkononi, anang'oa mabati yaliyooza. Alisimama langoni na mfuko wa madaftari begani, asijue kama afurahi au apige kelele. Miaka minne hakuna mtu wa boma lile aliyeligusa paa hilo. Mvua za Asembo zilikuwa zimezoea kuingia sebuleni bila hodi, na yeye na binti yake Akello walijua hata gizani beseni lipi linawekwa wapi.

"Shemeji, karibu!" Oluoch alimwita kutoka juu, utadhani yeye ndiye mwenye nyumba. "Usiogope. Ijumaa jioni tutakuwa tumemaliza."

"Mnafanya nini?"

"Si unaona? Mabati ya marehemu yamelala ya kutosha."

Mabati hayo mumewe, Opiyo, aliyanunua mwezi mmoja kabla hajafa. Tangu azikwe yalikuwa yameegemezwa nyuma ya nyumba ya mama yake, kuku wakitagia chini yake. Sababu kila mtu aliijua. Kwa mila ya boma lile nyumba ya mjane haipigwi msumari mpaka apatikane mwanaume wa kumrithi, na Seline alikuwa amekataa kurithiwa. Alimkataa Oluoch, akamkataa na binamu yake Oluoch. Mwaka uliopita alimleta fundi kutoka Bondo, mtu asiyejua habari za pale, na Oluoch akamfukuza hata kabla ngazi haijashushwa kwenye pikipiki.

"Ni nini kimebadilika?" Seline aliuliza.

Oluoch alicheka, akatia misumari mdomoni. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maswali.

Hapo Seline akajijibu mwenyewe. Wiki iliyopita bodi ilikuwa imemthibitisha kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, wa nane tangu shule ianzishwe, na mwanamke wa kwanza. Wale saba waliomtangulia wamo ukutani kwenye baraza ya ofisi, kila mmoja ndani ya fremu yake na ndani ya koti lake. Yeye alipangiwa kupigwa picha Ijumaa saa nne asubuhi. Kumbe hata watu wa boma wanajua kuheshimu cheo! Alihisi machozi yanamlenga, akayafuta haraka kwa kiganja kabla hajaingia ndani.

Ndani alimkuta mama mkwe wake, mzee Adero, amekaa kwenye kiti, kuku aliyefungwa miguu akiwa chini kando yake. Seline nusura aangushe madaftari. Miaka miwili Adero hakuwa amekanyaga sebule ile. Akihitaji chumvi alikuwa akimwita Akello kutoka nje.

"Mwanangu," alisema, akiushika mkono wa Seline kwa mikono yake miwili, "umefanya kitu ya maana."

"Asante, Mama. Hata mimi sikutarajia. Niliambiwa tu kwa barua."

"Kwa barua?"

"Ndiyo. Ilitoka Bondo."

Adero alilitazama koti la bluu iliyoiva lililotundikwa ukutani mkabala na mlango, kwenye ule msumari ambao zamani ulikuwa wa kofia ya Opiyo. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akakohoa ndani ya leso yake.

"Watu wa Bondo si wabaya," alisema hatimaye. "Huyu kuku ni wenu. Mchinje."

Akaondoka akijikongoja, naye Seline akabaki amesimama katikati ya chumba, vumbi la kutu likimdondokea kichwani.

*

Akello, aliyekuwa nyumbani likizo ya chuo, alimvuta mama yake mpaka jikoni, akaanza kunong'ona.

"Mama, unajua kwa nini wako juu ya nyumba?"

"Kwa sababu ya cheo."

"Cheo gani! Ni hiyo koti."

"Koti imefanya nini?"

"Ni ya mwanaume."

"Najua ni ya mwanaume. Si nimeinunua Kibuye?"

"Ngoja, Mama. Wanafikiri iko na mwenyewe."

Seline alikaa polepole juu ya kigoda. Alikuwa amezunguka soko la Kibuye Jumamosi nzima, na makoti ya wanawake yalikuwa ama yanambana mikono, ama yana vifungo vya dhahabu kama vya mpiga tarumbeta. Mwenye kibanda akamvika la kiume. Kitambaa kilikuwa kizuri, hakina ua wala mstari, sawasawa na barua ya bodi ilivyotaka. Fundi wake wa mjini, Naeema, alilipunguza mabega, akalibana kiunoni, akaziba matundu ya vifungo ya zamani na kutoboa mengine upande wa kike. "Sasa hata mwenyewe akilikuta hatalijua," Naeema alimwambia. Jumanne jioni Seline alilipiga pasi akalitundika sebuleni ili lisijikunje. Asubuhi Akello akafungua mlango afagie, na nyumba ya Adero inatazamana na mlango huo.

Wajane wa kanisani wasiotaka mwanaume wana njia yao ya mkato. Huletewa koti la mwanaume, likatundikwa ndani ya nyumba usiku nne. Ukipita usiku wa nne mjane amerithiwa, nyumba imefunguka, na hakuna mtu aliyemgusa. Wachungaji wengine hufumba macho. Miaka miwili iliyopita Adero mwenyewe alikuja kumsihi Seline akubali hilo. "Koti tu, mwanangu," alisema, "koti haikoromi." Na Seline, mbele ya wazee wa ukoo, akajibu kwamba yeye hawezi kuolewa na kitambaa. Siku hiyo ndiyo Adero aliacha kuingia nyumba ile.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa," Akello alihesabu kwa vidole. "Inafaa kutoka Jumamosi asubuhi. Ikitoka mbele ya hapo wanasema ni chira, laana ya mila. Mtu anaweza kukonda mpaka afe."

"Ijumaa napigwa picha."

"Ndiyo nakuambia."

"Nitawaambia ukweli. Sasa hivi."

Akello aliinua macho juu. Kutoka jikoni, kupitia mlango wa sebule, mawingu yalikuwa yakionekana vizuri pale palipokuwa na paa.

*

Oluoch alikuwa ananawa mikono kwenye tangi. Fundi aliyemsaidia alikuwa ameshaondoka.

"Shemeji," Seline alianza, "hiyo koti ni yangu. Niliinunua Kibuye. Ni ya kupiga picha."

Oluoch aliendelea kunawa. "Sijasikia."

"Nasema hiyo koti…"

"Madam, masikio yangu yameingia vumbi ya mabati."

Alifunga mfereji, akajikausha mikono kwenye suruali, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba.

"Wewe unajua mimi niko na bibi. Miaka nne kila mkutano ya ukoo naulizwa kama mimi ni mwanaume ama ni nini, mke wa ndugu yangu amekaa tu. Nikirudi kwangu, bibi ananiuliza nilikuwa natafuta nini kwa huo mkutano. Chakula yangu inakuja na maneno juu yake. Leo asubuhi Mama ameniita, ameniambia kuna koti kwa Seline. Nimehisi kama nimetolewa jiwe kwa kifua. Sasa unataka kunirudisha wapi?"

"Lakini si kweli, Oluoch."

"Sijakuuliza ni ya nani. Hata sitakuuliza. Kama hiyo koti iko pale Jumamosi, ni sawa. Kama haiko, mimi siwezi kupiga msumari moja zaidi, na nyumba itakaa vile iko." Alitazama juu. Nusu ya paa ilikuwa imeng'olewa, na upande wa ziwa ulikuwa unanguruma. "Binti yako atalala wapi, mimi sijui."

 Mwanamke ambaye wasichana mia nne walimwogopa alirudi ndani ameshika kiuno, akaanza kusogeza vitanda.

*

Alhamisi ilimchanganya kabisa. Mwenye pikipiki aliyempeleka shule alimwambia, "Hongera, Madam!" Wanawake wa samaki pale ufukweni mwa ziwa walimwita wakampa ngege mmoja wa bure, wakasema hongera. Mlinzi wa lango alipiga saluti akasema hongera. Kila hongera Seline aliigeuza kichwani kutafuta ni ya cheo au ni ya koti, na kila aliposema "asante" alihisi ameiba. Asubuhi hiyo, kwenye gwaride, alikuwa amewahubiria wasichana habari ya kusema ukweli hata kama unauma.

Saa sita mpiga picha, Farouk, alimpigia simu kutoka Kisumu. "Madam, kitambaa cha nyuma ni nyeupe, kwa hivyo usije na nyeupe. Koti ya rangi iliyoiva ndiyo inatoa mtu vizuri. Uko nayo?"

"Niko nayo," Seline alisema. Huo ulikuwa ukweli, na bado ulisikika kama uongo.

Jioni alikuta robo tatu ya paa inang'aa. Robo ya mwisho, ile ya juu ya kitanda cha Akello, ilikuwa bado wazi. Adero alikuwa ametuma maziwa. Koti lilikuwa palepale, bluu, limenyooka, na Seline alipita mbele yake akiinamisha macho kama mtu anayempita mkwe njiani. Alijikasirikia kwa hilo. Ni kitambaa tu! Alikinunua mwenyewe, akakifua mwenyewe. Lakini alipita upande wa pili wa meza.

*

Ijumaa alfajiri alitandaza kitandani kila kitu alichokuwa nacho.

"Hii," alisema, akiinua suti ya waridi aliyoivaa mwenyewe siku Akello alipobatizwa.

"Mama, hiyo zipu ilikufa. Na hayo mabega! Utatoka kama mtu amebeba ndoo mbili."

"Hii nyeusi?"

 Ile nyeusi ilikuwa ya mazishi ya Opiyo. Seline aliirudisha sandukuni bila kuambiwa.

"Yunifomu ya akina mama wa kanisa?"

"Ni nyeupe. Na barua imesema hakuna vazi ya kanisa." Akello aliketi ukingoni mwa kitanda. "Vaa koti yako, Mama. Umeitafuta mchana kutwa. Wacha waende na mabati yao."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi chuo Bondo wiki ijayo."

"Na mimi?"

 Nje, Oluoch alikuwa ameshapanda ngazi, nyundo imetulia, anasubiri. Seline alitoka mpaka sebuleni, akasimama mbele ya msumari. Alinyoosha mkono akashika mkono wa koti, akaushika hivyo muda ambao chai ingepoa. Alifikiria wale wanaume saba ukutani. Alifikiria Adero ameketi kwenye kile kiti, amemshika mkono kwa mikono miwili, baada ya miaka miwili ya kuombana chumvi kwa sauti. Aliona aibu kwamba alichokuwa akikitaka zaidi hakikuwa paa. Alitaka yule mzee aingie tena.

Akaliachia koti. Akavaa kitenge chake cha kijani chenye maua makubwa, akatoka. Nyuma yake nyundo ikaanza kulia.

Adero alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alimtazama Seline kutoka kichwani mpaka miguuni, akafungua mdomo, akaufunga.

*

"Madam," naibu wake, Mwalimu Ondiek, alisema walipokutana ofisini, "lakini wenzako wote hapo ukutani wako na koti."

"Nimeona, Mwalimu."

"Sisemi ni mbaya. Maua ni mazuri. Nasema tu."

Farouk alimtazama kupitia kamera, akaishusha. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ilimuumiza Seline kuliko maneno ya Ondiek. "Hii maua itakula uso, Madam. Lakini usijali, huwa natembea na koti ya dharura. Ya akina mama nimeiacha studio. Hii ni ya wazee, lakini kwa picha hakuna mtu anajua."

Akatoa kwenye mkoba wake koti jeusi lililokunjwa. Ukosi wake uling'aa kwa mafuta ya shingo za watu wengi, na kwapani lilinuka wanaume ambao Seline hakuwajua wala hakutaka kuwajua. Mikono ilimfika vidoleni. Farouk alilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, vitano, mpaka mbele likaonekana kama lilishonwa kwa ajili yake.

"Weka mikono nyuma, Madam. Hivyo. Usigeuke kabisa, vibanio vitaonekana. Inua kidevu. Fikiria kitu cha kufurahisha."

Seline alijaribu kufikiria paa. Wasichana wawili waliokuwa wakichungulia dirishani walikimbia wakicheka, na alijua wameuona mgongo wake. Taa ikawaka mara moja, mbili, mara kumi.

"Umetoka vizuri sana," Farouk alisema, akimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Ni kweli alitoka vizuri. Alionekana mtu asiye na shaka hata moja.

*

Jioni aliliona paa kutoka barabarani. Lilikuwa linameta lote. Oluoch alikuwa anakusanya mabati ya zamani, anapiga mluzi. Kwenye veranda ya Seline, ndani ya koti la bluu, vifungo vyote vitatu vimefungwa, alikuwa amekaa Adero.

Seline alisimama. "Mama, hiyo koti…"

"Kulikuwa na upepo ya ziwa."

"Lakini leo ni Ijumaa. Bado usiku moja."

"Watu wa nje wahesabu usiku. Mimi nilikuwa nahesabu mabati. Yameisha." Adero alipitisha kidole juu ya tundu lililozibwa. "Huyu fundi yako anajua kazi. Lakini shimo ya zamani inaonekana, ukiangalia karibu. Niliiona Jumatano, ukiwa umeenda shule. Mwanaume gani wa Asembo anafunga koti upande ya wanawake?"

 Seline alikaa kwenye ngazi. "Ulijua? Tangu Jumatano? Na ile ya watu wa Bondo?"

Adero alikohoa ndani ya leso, na safari hii hakuficha kwamba ni kicheko. "Uliniua, mwanangu. Barua!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa. Wewe unasema ukweli hata kama hujaulizwa. Nilimwambia Oluoch apande saa hiyo hiyo, na aanze kwa kung'oa. Nyumba ikishakaa wazi, hata wewe utanyamaza kidogo. Watu waone koti, mabati yapigwe. Ukoo unataka kuona kitu kwa msumari, basi wameona. Mimi nimechoka kuitisha chumvi nikiwa nje."

Seline alikasirika, na alifurahi, na hakujua lipi litangulie. Alitaka kumkumbatia mzee yule na alitaka kumfokea. Mwishowe alilia tu, kwa sauti, mbele ya Oluoch, ambaye aligeuka haraka akaanza kuhesabu mabati mabovu.

"Lakini leo asubuhi nilijua utaenda nayo," Adero alisema, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Nilisema, huyu ni Seline, atavaa koti yake apite hapa kichwa juu, na wakati huo mabati mengi iko juu tayari, hakuna mtu atapanda kung'oa. Nilikuwa nimesimama pale nikuone. Nikaona umetoka na maua." Alikivuta kifungo kimoja cha koti. "Nikaona aibu. Nilitaka kukuita, lakini Oluoch alikuwa anasikia, na mabati yalikuwa hayajaisha."

 Ndani, Akello alikuwa anaokota mabeseni sakafuni, anayapanga moja ndani ya lingine.

"Picha imetoka?" Adero aliuliza.

"Imetoka."

"Ulivaa hayo maua?"

"Hapana. Mpiga picha alinipa koti."

"Ya mwanamke?"

Seline alijipangusa pua. "Ya mwanaume."

Adero aligeuka akamtazama vizuri. "Ya mwanaume gani?"

"Sijui, Mama. Ya kila mtu."

"Na hiyo picha wataiweka wapi?"

"Ukutani. Kwa msumari."

Mzee aliangalia kule Oluoch alikokuwa, akashusha sauti. "Basi hiyo usimwambie mtu," alisema. Akafungua vifungo vitatu, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vilivyopinda, akalivua koti la bluu na kumvika Seline juu ya kitenge, akamvuta ukosi mbele ukakaa sawa. Lilikuwa bado na joto la mwili wake. Lilimkaa Seline mabegani kama alivyotaka likae, na hapakuwa na mtu wa kumpiga picha.